Aliulizwa Mahari, Hakuulizwa la Moyoni

SAFU: Nyumba na Watu Wake
Na Mwanahamisi Shemdoe

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ina kipengele kimoja cha busara ambacho hatukisifu vya kutosha. Mtu akitaka talaka haendi mahakamani moja kwa moja. Ukiacha sababu chache zilizotajwa na sheria yenyewe, shauri lazima kwanza lipite kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na mahakama hutaka hati ya baraza kuthibitisha kwamba suluhu imeshindikana. Mama mmoja ninayemheshimu sana, mjumbe wa baraza la aina hiyo hapa Dar es Salaam, ameniambia kuwa malalamiko hayamsumbui. Watu huja wameshayapanga, yana tarehe na mashahidi. Tabu huanza anapomgeukia mmoja wao na kumuuliza: "Haya mwanangu, wewe kwa mwenzio unahitaji nini?" Kimya. Akibanwa sana atasema, "Nataka aache." Aache pombe, aache simu za usiku, aache kunisema kwa dada zake. Anachotaka kiondoke anakijua barabara. Anachotaka kiwepo hajawahi kukiwaza.

Sishangai, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza. Kamati ya harusi hukutana miezi kadhaa, ikahesabu michango, ikabishania ukumbi, mpishi na rangi ya sare. Kwenye kicheni pati bibi harusi hukalishwa akafundwa namna ya kumpokea mume, kumpikia, na kumnyamazia akiwa na hasira. Bwana harusi hafundwi chochote, labda aambiwe kwamba sasa amekuwa mwanamume. Na jambo hili limeanza zamani. Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa mwaka 1858, alimtungia binti yake utenzi ambao hadi leo unasomwa pwani. Ni wasia wa mama mwenye mapenzi makubwa, na sehemu yake kubwa ni jinsi ya kumridhisha mume. Naupenda utenzi ule, na simlaumu mama aliyeona siku zake zinakwisha kwa kumwachia mwanawe kile alichokijua. Lakini imepita miaka zaidi ya 160, na bado tunawapeleka mabinti kwa waume wakijua haja za kila mtu isipokuwa zao.

Matokeo yake nimeyaona kwa mke na mume fulani wa Mbagala. Mume ni dereva wa lori, hupeleka mizigo Tunduma na kuvuka Zambia. Ugomvi wao ulikuwa simu. Mke alitaka apigiwe kila usiku, bila kukosa. Mume aliona analindwa, na kadiri alivyobanwa ndivyo alivyozidi kuizima. Familia zote mbili ziliingia, upande huu ukisema mwanamke ana wivu, upande ule ukisema mwanamume ana nyumba ndogo njiani. Siku moja shangazi wa mke, wakichambua mchele pamoja, akamuuliza taratibu: "Hivi mama, akipiga unataka akwambie nini?" Yule binti akafikiri, kisha akalia. Hakuwa na cha kuambiwa. Miaka ya nyuma lori la jamaa yao lilianguka mlima Kitonga, na mke wa yule jamaa akazipata habari kwa jirani, mtaa mzima ukiwa umeshajua. Alichokiogopa binti huyu ni kuwa wa mwisho kujua.

Mume naye, alipoulizwa na mjomba wake, ikaonekana simu si neno kwake. Kilichomuuma ni kurudi baada ya wiki mbili akakuta mtoto amehamishwa shule, au chumba cha uani kimepangishwa, naye anaambiwa mambo yakiwa yameshapita. Alihitaji kuwa baba mwenye nyumba hata akiwa barabarani. Basi siku hizi hutuma ujumbe mfupi akipita Mikumi, akifika Makambako, na akiingia foleni ya mpakani Tunduma. Mkewe naye hakati shauri kubwa mpaka wameongea. Habari ya kupiga kila usiku imekufa yenyewe.

Shina la magomvi mengi naliona hapo. Tunachodai mara nyingi ni njia moja tu ya kukifikia tunachokihitaji, na tusipokijua tunachokihitaji, tunaipigania njia ile moja mpaka nyumba inavunjika. Mke anadai mume awe amerudi saa kumi na mbili jioni, kumbe kinachomwelemea ni kuwa peke yake na watoto saa za kuogesha na kulisha, na pengine mdogo wake akija kukaa naye mzigo umepungua. Mume anadai mke aache biashara kwa sababu anaogopa kudharauliwa, na hofu ile haiponi kwa kibanda kufungwa. Tena zipo haja ambazo mwenzi hawezi kuzitimiza hata akipenda. Aliyefiwa na mama yake hatapewa mama na mumewe, na kumdai hivyo ni kumwonea.

Anayepigwa simweki humu. Kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Huyo asiambiwe kwanza akauchunguze moyo wake. Atafutiwe pa kulala salama.

Najua wapo watakaosema haya ni ubinafsi wa kisasa, na kwamba ndoa ni kuvumiliana. Nauamini uvumilivu, ila swali ninalolipigia debe si geni kwetu. Katika ndoa ya Kiislamu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, na nyumba nyingi za pwani humwendea binti na kumuuliza anataka mahari gani. Kuna anayeomba msahafu, kuna anayeomba kitanda, kuna anayetaja fedha. Jibu lake hupelekwa kwa wenye posa na huheshimiwa. Kwa hiyo mlango upo, na tumeuzoea. Tumeufunga mapema mno, tukaridhika na kujua kiasi cha mahari.

Nawaomba makungwi, mashekhe na mapadri wasogeze swali lile mbele kidogo, kabla kadi hazijachapishwa, au tangu tangazo la kwanza linaposomwa kanisani. Ukiumwa, unapenda ufanyiwe nini? Ukikasirika, unataka uachwe au ufuatwe? Ni jambo gani ukilikosa mwaka mzima utajiona huna mwenzio? Bibi harusi aulizwe faraghani, mama yake akiwa chumba kingine, maana mbele ya mama atajibu ya mama. Na bwana harusi naye apatiwe mtu mzima wa kumuuliza hayohayo, mwenye subira ya kungoja mpaka ajibu.