Nani Mwenye Dhamana ya Watazamaji wa Mashindano ya Baharini?

Miongoni mwa mambo yakusanyayo watu wa pwani yetu pasipo kubagua mwenyeji na mgeni, tajiri na fukara, ni machache yapitayo mashindano ya vyombo baharini. Lamu hushindanisha majahazi wakati wa Maulidi. Unguja hushindanisha ngalawa katika siku za matamasha yake. Na katika nchi za Ghuba, ambako ndugu zetu wengi wamehamia na kuzaa, hushindanishwa boti za mashine ambazo mwendo wake hupita kilomita 200 kwa saa. Mji wa Bagamoyo, wenye ufukwe mpana, mabaharia waliorithishana ujuzi baba kwa mwana, chuo cha uvuvi pale Mbegani, na tamasha la sanaa likusanyalo wageni tangu mwaka 1982, hauna sababu ya kunyimwa siku yake katika furaha hiyo, nami ni katika waitakao. Na kwa kuwa naitaka, naomba isitolewe rukhsa ya kushindanisha chombo chochote mbele ya umati, kiwe cha tanga au cha mashine, mpaka awe amejulikana kwa jina na kwa cheo mtu mmoja ambaye siku ile atachukua dhamana ya roho za watazamaji, na atakuwa na mamlaka ya kuyasimamisha mashindano bila ya kumuuliza mtu.

Nasema roho za watazamaji kwa kusudi. Mshindani amejipima, amevaa kofia na jaketi okozi, anajua aendako na mahali pa kugeuzia chombo; likimpata baya, limempata katika jambo alilolichagua mwenyewe. Mtazamaji hakuchagua ila kutazama. Aghalabu ni mama aliyekuja na wanawe kutoka Chalinze au Ubena Zomozi, watu ambao bahari kwao ni jambo la sikukuu, asiyejua kuogelea wala kwamba maji yaliyomfika mtoto magotini yatamfika kifuani kabla hajamaliza kula mihogo yake. Kiwanja cha mpira kina ukuta na malango. Bahari haina, na kila mwenye chombo hudhani ana haki ya kujongea mpaka aone vizuri, na kila ajongeaye humziba aliye nyuma yake, naye hujongea pia, hata njia ya mashindano iliyokuwa pana asubuhi huwa uchochoro ifikapo adhuhuri.

Hatari ya vyombo visivyohusika na mashindano si dhana. Tarehe 23 Agosti 1987, karibu na kisiwa cha Wight katika pwani ya Uingereza, Didier Pironi, Mfaransa aliyewahi kuwa dereva mashuhuri wa magari ya mashindano ya Ferrari, alikufa pamoja na wenzake wawili baada ya boti yao, ikienda kwa kasi kubwa, kuyapanda mawimbi yaliyoachwa na meli ya mafuta na kupinduka. Meli haikuwagusa. Ilikuwa katika safari yake. Mawimbi yake ndiyo yaliyofanya kazi ya mauti. Nasi mbele yetu tuna njia ya boti ziendazo kasi baina ya Dar es Salaam na Unguja, na tuna majahazi ya mizigo yavukayo kutwa. Na kila mvuvi wa Bagamoyo anajua kwamba wimbi la chombo kikubwa huwasili wakati chombo chenyewe kimekwisha kuwa mbali, na kwamba mtu aliyekitazama kikipita husahau kulingojea.

Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1990, Stefano Casiraghi, aliyekuwa bingwa wa dunia, alikufa mbele ya Monaco katika mashindano kama hayo, na misiba ya namna hiyo iliwafundisha wenye mchezo kuwafunika madereva ndani ya vyumba vya nguvu na kuwafunga mikanda. Hayo yalimfaa dereva. Mtazamaji hana chumba wala mkanda. Kinga yake ni umbali tu, na umbali haujilindi wenyewe. Boti iendayo kilomita 200 kwa saa hukata mita 55 katika sekunde moja, na ikimponyoka dereva penye kona haiendi ndani ya kona bali hutupwa nje. Kwa hiyo wajuao kazi hii huwaweka watazamaji upande mmoja wa njia iliyonyooka, mbali na kona, na huweka vyombo vya doria baina yao na washindani. Huanzisha mashindano kwa chombo cha kuongoza chenye bendera ya njano, wala kijani haipandi mpaka njia yote iwe imetazamwa. Na ikipanda nyekundu, kila mmoja hupunguza mwendo, awe wa kwanza au wa mwisho. Marekani, atakaye kuandaa mashindano ambayo hayajapata kufanyika mahali pale hutakiwa kuwaandikia walinzi wa pwani siku 135 kabla, ili wapate kuifunga sehemu ile ya bahari kwa amri na kuwatangazia manahodha. Kwetu barua huandikwa wiki moja kabla, na mara nyingi huwa ni ya kuomba mgeni rasmi.

Pengine msomaji atasema kwamba sisi tuna ngalawa, na ngalawa haiui mtu. Ngalawa yenye tanga lililojaa haina breki, na matengo yake hupita juu ya maji kwa kimo cha kichwa cha mtoto anayeogelea. Na desturi ya vijana wetu ni kuingia baharini mbio kuwalaki washindi wakati vyombo vingali vikija. Tena kila resi ya ngalawa siku hizi hufuatwa na kundi la boti za faiba zilizojaa mashabiki, na rafadha ya boti hizo ni kisu kisichoonekana. Sheria ya kimataifa ya mwaka 1972 ya kuzuia vyombo kugongana humtaka kila nahodha awe na mwangalizi wa macho na masikio wakati wote, na humtaka aende kwa mwendo wa salama; haikumsamehe aliyebeba ngoma na washangiliaji.

Na boti hizo za watazamaji ndizo zinitiazo hofu kuliko chombo kingine chochote. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokusudiwa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria kikiwa kimebakisha hatua chache kufika gatini, na zaidi ya watu 220 wakafa. Miezi miwili baadaye, tarehe 24 Novemba, upande wa Uganda wa ziwa lile lile, boti ya starehe iitwayo MV Templar ilizama na watu waliotoka kujifurahisha, wakafa zaidi ya 30. Chombo hicho kilizidisha watu, wala hakikuwa na leseni. Sasa na ifikiriwe faiba iliyopakia kupita kiasi, imesimama kando ya njia, watu wameketi ukingoni, na washindani wanatokea upande wa kulia: wote watainuka kwa mara moja na kukimbilia kulia. Chombo hakihitaji dhoruba ili kipinduke, shangwe inatosha. Kwa hiyo boti ya watazamaji sharti ihesabiwe watu wake ufukweni, kila mmoja avae jaketi okozi kabla ya kupanda, majina yabaki kwa mtu aliye nchi kavu, na nahodha awe na nambari kubwa ubavuni mwa chombo chake na mahali pake pa kutia nanga, wala asipahame mpaka mwisho. Asiyekubali masharti hayo abaki ufukweni atazame na wengine.

Liko jambo jingine ambalo ni la Bagamoyo zaidi kuliko la mahali pengine, nalo ni maji yenyewe. Ufukwe wetu ni tambarare, na wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, hata vyombo vilivyokuwa vikielea mbele ya soko la samaki na forodha ya zamani hulala juu ya mchanga, na bahari huwa mbali kwa mwendo wa miguu. Mwandalizi asiyelizingatia hilo ataiweka boti yake ya uokozi karibu na jukwaa, mahali pazuri pa kupigwa picha, na itakapohitajiwa itakuwa imepwelewa, nayo haisukumwi na watu wanne. Saa ya mashindano haina budi ichaguliwe na jedwali la maji na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, wala isichaguliwe na ratiba ya hotuba. Nimeona shughuli nyingi za nchi yetu zikingoja mgeni mheshimiwa saa mbili na saa tatu, na katika ukumbi kungoja huko ni uchovu tu. Baharini saa mbili ni maji mengine, upepo mwingine wa alasiri, na mafungu ya mchanga yaliyokuwa chini ya maji sasa yametoka nje katikati ya njia. Mgeni akichelewa, aidha mashindano yaanze bila yeye, aidha yaahirishwe hadi siku nyingine. Njia ya tatu haipo.

Ndiyo sababu nataka dhamana iwe ya mtu mmoja. Serikali tunayo: Shirika la Uwakala wa Meli, yaani TASAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, lina kazi ya usalama wa vyombo, Polisi Wanamaji wapo, halmashauri ipo, na vikundi vya wavuvi vya kulinda rasilimali za bahari, vile viitwavyo BMU, vipo katika vijiji vya pwani. Lakini palipo na wakubwa wanne na hapana aliyeandikiwa kwamba neno la mwisho ni lake, kila mmoja humtazama mwenzake wakati boti inalala upande. Mtu huyo asiwe mwandalizi, wala mdhamini, wala mwenye hoteli atarajiaye wageni, kwa kuwa mwenye faida katika siku ile huona vigumu kuivunja. Akae mahali aonapo njia yote, awe na redio isikikayo kwa kila chombo cha doria, na bendera nyekundu iwe mkononi mwake.

Wavuvi nao wasisahauliwe, kwa maana bahari itakayofungwa ni shamba lao. Wako waliotega madema na jarife siku mbili kabla, na nyavu hizo zikibaki njiani zitajiviringisha katika rafadha, zipotee kwa mwenyewe na zimhatarishe mshindani. Wako waliolala baharini wakivua dagaa, nao hurudi asubuhi wakiwa wachovu, hawana habari ya bendera wala boya. Ilani ibandikwayo ubaoni pa ofisi haiwafikii hawa. Itangazwe mnadani penye samaki, isomwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa na kanisani Jumapili, ipelekwe Mlingotini, Kaole na Winde kwa mdomo wa mtu anayejulikana huko. Na kila chombo kitakachozuiliwa kutoka siku ile kilipwe fidia ya siku yake kabla ya mashindano, taslimu, sawa na bajeti ilipavyo vipaza sauti na mahema. Tena manahodha wa zamani wa mji huu, wazijuao njia za maji na miamba yake kuliko ramani, waajiriwe kwa siku hiyo wawe wasimamizi wa doria, kwa ujira na si kwa hisani. Na fedha zikipungua, ipunguzwe zawadi ya mshindi, isipunguzwe idadi ya boti za uokozi.