Barafu nyembamba ilivyoisumbua darubini ya Ulaya angani

Ukitoa soda kwenye friji, chupa inatoa jasho, kwa sababu mvuke ulio hewani unageuka kuwa maji pale penye ubaridi. Kisa kinachofanana na hicho kiliikuta Euclid, darubini iliyo kilomita milioni 1.5 kutoka duniani.

Euclid ni ya Shirika la Anga la Ulaya (ESA). Ilirushwa Julai 1, 2023 kwa kazi ya miaka sita: kuchora ramani ya galaksi zaidi ya bilioni moja. Novemba mwaka huohuo, wanasayansi waligundua kuwa mwanga wa nyota walizokuwa wakizipima mara kwa mara unafifia kidogokidogo.

Maji yalitoka wapi?

Yalitoka huku huku duniani. Darubini ikiunganishwa, vifaa vyake hunyonya unyevu wa hewa. Baada ya kurushwa, Euclid ilipashwa moto ili unyevu huo utoke, lakini mwingine ulibaki kwenye matabaka ya kuzuia joto. Ukavuja polepole na kuganda kwenye vioo.

Barafu yenyewe ni nyembamba maelfu ya mara kuliko unywele. Lakini Euclid inatafuta maada giza na nishati giza kwa kupima mwanga wa galaksi kwa umakini mkubwa. Mwanga ukipungua bila kujulikana, hesabu nzima inaharibika.

Kwa nini wasiwashe hita zote?

Joto lingeondoa barafu, sawa. Shida ni kwamba vifaa vikipata joto hutanuka, na vikipoa tena si lazima virudi palepale vilipokuwa. Hapo ungetibu ukungu na kuharibu shabaha.

Kwa hiyo, Machi 2024 ESA ilianza na kioo kimoja tu kilichoshukiwa zaidi. Kilipandishwa joto kutoka nyuzi -147 hadi -113 za Selsiasi kwa dakika 100. Matokeo yake, mwanga unaoingia ukaongezeka kwa asilimia 15.

Je, tatizo limekwisha?

Hapana. Unyevu uliobaki ndani utaendelea kuvuja, na vioo haviwezi kuachwa na joto kwa kuwa ubaridi ndio unaovifanya vione vizuri. Yaani kinachoipa Euclid macho makali ndicho kinachovuta barafu. Tofauti ni kwamba sasa wahandisi wanajua kioo cha kuanza nacho.