Kidonda Kisichopiga Kelele

Pombe yenye sumu inapoua, nchi nzima hutaharuki. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2000 katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, watu zaidi ya 100 walipofariki, na ndivyo ilivyokuwa Kirinyaga mnamo Februari 2024. Lakini yako madhara mengine ya pombe, hata iliyo halali na kulipiwa ushuru, ambayo hayamfikishi mtu kwenye vichwa vya habari.

Nipitapo Shimanzi saa za magharibi, huwaona vibarua wakitoka maghalani, mabega yameloa jasho. Wapo walioshinda kwa chai tupu. Ujira uingiapo mkononi, glasi hutangulia sahani. Asubuhi kichwa na mgongo huuma. Dukani hununuliwa aspirini au ibuprofeni, na mzigo huinuliwa tena.

Tumbo la mwanadamu hutoa tindikali kali, nalo hujikinga kwa utando laini wenye ute. Kileo huudhoofisha utando huo, tindikali ikapata njia ya kuichoma nyama iliyo chini yake. Tembe nilizozitaja nazo hupunguza ute. Basi maskini huyu hubomoa ukuta wake kwa mikono miwili, tena tumbo likiwa tupu.

La kutisha zaidi ni ukimya wake. Mwaka 1833 daktari Mmarekani, William Beaumont, alichapisha aliyoyaona kupitia tundu lililoachwa na jeraha la bunduki tumboni mwa Alexis St. Martin. Baada ya siku za ulevi, utando ulivimba na kuwa mwekundu, ilhali mwenyewe hakulalamika sana. Choo kinapokuwa cheusi kama lami, au matapishi kama mashapo ya kahawa, damu imekwisha kumwagika, na hapo pa kukimbilia ni hospitali.

Sera ya taifa iliyotangazwa Julai 2025 ilipendekeza umri wa kunywa pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Sina ugomvi nayo, bali haimgusi mchukuzi wa miaka 40. Huyu ahitaji mwajiri atakayempa mlo wa mchana, na muuza dawa atakayemwuliza kama alikunywa kabla ya kumpa tembe. Hayo hayatamwachisha ulevi, lakini yatampunguzia madhara.

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Kimlacho ndugu yetu wa Shimanzi ki ndani zaidi ya nguo, nasi twampita kila jioni.