Majarida Yasiyoshikika Nayo Yataka Daftari la Ghala

Ndugu askari wa jeshi na polisi, kila mmoja wenu aliyepata kukabidhiwa ghala la silaha anajua kwamba bunduki iliyoandikwa daftarini lakini haimo ghalani ina hatari kuliko ile isiyoandikwa kabisa, maana yupo atakayeitegemea. Leo nataka kusema juu ya ghala jingine, ambalo wengi wenu mnaosoma vyuoni mnalitumia: maktaba za vyuo vikuu, na majarida ya kitaalamu ambayo siku hizi hayapangwi rafuni bali husomwa katika kompyuta.

Afisa mmoja wa polisi ninayemfahamu alikuwa akiandika tasnifu juu ya ajali za bodaboda hapa Kampala. Orodha ya maktaba ya chuo chake ilionyesha kwamba jarida alilolitaka lipo, tangu toleo la kwanza hadi la mwezi uliopita. Alipojaribu kufungua makala ya mwaka 2009, akadaiwa dola zaidi ya 30. Alirudia siku tatu, akidhani kosa ni lake. Kumbe chuo kililipia miaka ya karibuni tu, na aliyeandika orodha hakulitaja jambo hilo.

Zamani maktaba ilinunua jarida la karatasi, ikalitia jalada, likawa mali yake. Katika miaka ya 1970 na 1980, fedha za kigeni zilipokuwa haba, maktaba ya Makerere ilishindwa kuendelea kulipia majarida mengi ya ng'ambo. Lilikuwa pigo kubwa. Hata hivyo, kukoma kwa malipo hakukuyaondoa rafuni matoleo yaliyokwisha kununuliwa. Jarida la kielektroniki si hivyo. Mara nyingi maktaba hailinunui, bali hulipanga, kama mtu apangavyo nyumba. Kodi isipolipwa mlango hufungwa, na huenda ukafungwa hata kwa matoleo ya miaka iliyolipiwa kikamilifu, isipokuwa mkataba uwe umetamka waziwazi kwamba haki ya kuyasoma hayo haikomi. Nionavyo mimi, kifungu hicho kimoja kina thamani kuliko punguzo lolote la bei.

Tena yapo majarida tunayopewa. Tangu mwaka 2002 mpango wa HINARI, unaoongozwa na Shirika la Afya Duniani, umezifungulia nchi zenye pato dogo majarida ya utabibu bure au kwa bei ndogo, na Uganda imefaidika. Twashukuru. Lakini mwezi Januari 2011 madaktari wa Bangladesh walikuta baadhi ya wachapishaji wakubwa wameyaondoa majarida yao katika mpango huo, na yalirudishwa baada ya malalamiko. Mwenye kupewa naye hana budi kujua amepewa nini, na hadi lini.

Ndiyo maana nalisisitiza daftari. Kila jarida lililosajiliwa lina namba ya ISSN yenye tarakimu nane, kama bunduki ilivyo na namba yake, na toleo la kielektroniki huwa na namba tofauti na lile la karatasi. Tangu mwaka 2010 upo utaratibu uitwao KBART, unaowataka wachapishaji watoe orodha zenye safu zile zile: jina, namba, toleo la kwanza linalopatikana, toleo la mwisho, na kama matoleo mapya yamezuiliwa kwa muda. Mkutubi anayeipokea orodha hiyo pasi na kufungua matoleo machache kwa mkono wake mwenyewe ni sawa na mtunza ghala ahesabuye masanduku bila kuyafunua. Wakutubi wetu ni wachache, nalijua hilo, na si haki kuwalaumu wao peke yao wakati mkuu wa chuo hajawahi kuuliza habari za daftari lenyewe.

Maktaba za vyuo vikuu vya Uganda zina muungano wao, CUUL, ambao kwao hupata majarida kwa pamoja. Kenya wana KLISC, na Tanzania wana COTUL. Ni jambo jema, kwa kuwa mchapishaji anapokabiliana na chuo kimoja humwona mnyonge. Ila kila chuo hununua pia vitu vyake nje ya muungano, na hapo jirani hajui jirani ana nini. Mikataba mingine hukataza kabisa kupeleka nakala katika maktaba nyingine. Mingine huruhusu makala moja moja. Ni nani katika maktaba anayejua upi unaruhusu na upi unakataza? Na liandikwe katika daftari lile lile, na daftari lisomwe na vyuo vyote.

Pana na suala la usalama. Hakuna kamanda awekaye risasi zote katika ghala moja. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilianzisha mpango wa LOCKSS, ambamo maktaba nyingi huweka nakala za majarida, kompyuta zao huzilinganisha, na nakala iliyoharibika hurekebishwa kwa ile iliyo nzima. Majarida yetu wenyewe, kama African Health Sciences la Makerere, yastahili ulinzi wa namna hiyo kabla ya ya wageni.

Na yule afisa? Ilikuja kujulikana kwamba jarida lile, pamoja na mwaka 2009, lilikuwa likisomeka katika chuo kingine, kilima cha pili kutoka chake. Habari hiyo ilimfikia wiki tatu baada ya kuikabidhi tasnifu.