Sinema Bubu Haikuwa Bubu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi ndogo katika gazeti la chama chetu nipate kuwajibu wale wasemao kwamba sinema bubu ilikuwa kitu duni, iliyowafaa watu wasioelewa upesi. Neno hili nimelisikia hata vinywani mwa makarani wenzangu, nami nalikataa.

Neno hili halikuzaliwa kwetu. Mwaka 1939 Serikali ya Uingereza iliunda Idara ya Filamu za Makoloni. Mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika aonyeshwe picha sahili, za pole pole, zisizo na hila za kamera. Filamu nyingi zikaletwa bila sauti, na penye gari la sinema akasimama mkalimani mwenyeji kuzieleza. Basi watu wakahukumu: picha bubu ni ya wajinga.

Haya, na tuwaulize: Je, watu wa London na Paris nao walikuwa wajinga? Kabla ya mwaka 1927, filamu zenye sauti zilipoanza kuenea, huko nako picha zilikuwa bubu. Mpiga piano, au kundi zima la wapiga muziki, waliketi karibu na pazia wakiifuata picha kwa macho: farasi akienda mbio, muziki ulikwenda mbio, mjane akilia, muziki ulilia naye. Huko Japani msimulizi wa picha, aitwaye benshi, alikuwa mtu mashuhuri. Jina lake lilitangazwa, na wengi walilipa kiingilio kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya wachezaji. Mkalimani wetu alifanya kazi hiyo hiyo. Jina lake li wapi?

Hata kule Vugiri, Usambara, ambako Notcutt na Latham walitengeneza filamu za mafundisho kati ya 1935 na 1937, picha zilipigwa bubu, na sauti ikatiwa katika santuri, ili picha moja ipate kusema lugha nyingi. Yaani wao wenyewe walijua kwamba picha peke yake haitoshi. Lakini santuri haimwoni msikilizaji: watu wakicheka haingoji, wakiuliza haijibu. Mtu aliye hai hungoja, tena hujibu.

Sisi wa Tura twalifahamu jambo hili tangu zamani. Hapa ndipo misafara iliyovuka Mgunda Mkali ilipoingia Unyamwezi na kutua mizigo. Njia nzima kirangozi alitoa sauti, wapagazi wakaitikia. Watu wenye jadi hiyo wahitaji nani awafundishe kujaza kimya? Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, chama kitakapoonyesha filamu ya zamani isiyo na sauti, kisilete santuri, bali kiwaite wapiga ngoma wa Unyamwezi na msimulizi hodari. Waitazame picha kwanza, kisha waipigie. Pili, majina yao yaandikwe katika tangazo, na ujira wao ulipwe kamili kama wa mfanyakazi mwingine yeyote. Asiyetaka kuwalipa, na aitazame picha yake kimya tangu mwanzo hata mwisho, ndipo atambue ni kazi ya nani aliyoiita duni.

Ni mimi,
Karani, Tura