Kahawa ya filta na uvivu wetu wa kopo

Leo siandiki habari za mitihani wala bumu kuchelewa. Leo ni kahawa, na wale wa chama cha chai mtanisamehe.

Hapa Mysore kahawa ya nyumbani ni ya filta, wenyewe huku kusini mwa India wanatamka "kaapi". Mimi nimefundishwa na anti mwenye nyumba (huku kila mama wa makamo ni anti). Na baada ya kuijua nina swali kwetu sisi tunaotoka kwenye nchi za kahawa: hivi kwa nini tunakunywa ya kopo?

Kwanza inavyopikwa. Filta yenyewe ni vikopo viwili vya stili, kimoja kinakaa juu ya kingine. Cha juu kina matundu madogo madogo chini. Unaweka vijiko vitatu vya kulia vya kahawa ya unga, unaikandamiza kidogo na kile kisahani chenye mpini, halafu unamwagia maji yaliyotoka kuchemka na kufunika. Ukishindilia sana maji hayapiti, ukiacha unga umelegea yanapita mbio na unapata maji ya rangi. Basi unaacha idondoke tone kwa tone, nusu saa hivi. Anti anaiweka usiku kabla ya kulala, asubuhi ipo tayari.

Ile nzito iliyodondoka huichemshi tena, itakuwa chungu vibaya. Unachemsha maziwa, unachanganya kipimo kimoja cha kahawa na viwili au vitatu vya maziwa, sukari, kisha unaimwaga kutoka bilauri kwenda kwenye kibakuli cha stili na kuirudisha, mara kadhaa, hadi itoe povu. Hapo pia inapoa kiasi cha kunyweka. Hakuna mashine wala umeme!

Halafu kuna suala la chikori, mzizi unaokaangwa na kusagwa na kuchanganywa humo. Ukienda dukani kusagiwa wanakuuliza kabisa unataka asilimia ngapi. Wengi wanachukua 20 au 30. Wako wanaosema huo ni uchakachuaji. Mimi nasema hapana, maana inaandikwa kwenye pakiti, sheria ya India inataka kahawa isipungue asilimia 51, na chikori ndiyo inaipa ule uzito na weusi unaohimili maziwa. Asiyetaka anaomba kahawa tupu, anapewa.

Sasa hoja yangu. Mibuni ya hawa jamaa iko kwenye vilima vya Chikkamagaluru na Kodagu, siyo mbali na hapa. Hadithi yao inasema mzee mmoja wa dini, Baba Budan, alirudi kutoka Hija karne ya 17 na punje 7 alizozificha kutoka Yemen. Wakati wa Vita Kuu ya Pili masoko ya Ulaya yalipofungwa, ikatungwa sheria ya kahawa ya mwaka 1942 na bodi yake, na bodi ikahimiza watu wanywe kahawa hukohuko nyumbani. Mpaka leo India inauza nje kahawa nyingi kuliko inayokunywa, sikatai. Lakini mpishi wa nyumba ya kawaida hapa anajua kahawa nzuri na mbaya, na muuzaji hawezi kumdanganya.

Kwetu je? Watu wa pwani wana haki ya kujidai, kahawa chungu ya dele na kashata ipo miaka mingi. Ndugu zangu Wahaya wanatafuna zao. Lakini nenda nyumba nyingi za Kilimanjaro penyewe, mibuni iko uani na mezani kuna kopo. Bei ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, wako wakulima waliong'oa mibuni wapande mboga na mahindi. Ukiwa na mnunuzi wa ng'ambo tu, akikohoa yeye wewe unaugua.

Najua vikombe vyetu vya hosteli havitapandisha bei ya Moshi kesho. Ila mtu asiyeonja anachouza anapangiwa ubora na mwingine, na bei pia. Kuonja ni mwanzo wa kujua, na kujua hakuhitaji bodi wala waziri.

Kwa hiyo likizo hii nakuja na filta mbili kwenye begi, moja ya bi mkubwa na moja ya geto. Msio na filta tumieni chujio la kitambaa, itatosha. Kitu kimoja tu: nunueni kahawa ya unga iliyokaangwa kwetu, na mvumilie ile nusu saa. Mbona foleni ya msosi tunaivumilia?

Nawasilisha. Wa chai, uwanja wenu.