Dansi Likiisha, Mwanamuziki Alale

JICHO LA JUMAPILI
Na Zainabu Mkude

Kwa watoto wa Morogoro tuliokua miaka ya 1970, Mbaraka Mwinshehe hakuwa sauti ya redioni tu. Alikuwa wa kwetu. Wazazi wetu walimcheza akiwa na Morogoro Jazz, wakamfuata alipoanzisha Super Volcano mwaka 1973, na hawakuchoka kutusimulia jinsi bendi ya mji wetu ilivyofika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Gitaa lake likianza kulia Radio Tanzania Dar es Salaam, mama aliyekuwa akipepeta mchele alibadili mwendo wa ungo bila kujijua.

Alifariki Mombasa kwa ajali ya gari, Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34. Nchi ilikuwa vitani na Idi Amin, na taarifa ya habari ikianza watoto tulinyamazishwa. Mimi nilidhani wanaokufa mbali na kwao ni askari peke yao. Habari za Mbaraka nilizipata bombani. Wanawake walikuwa wakiambizana, ndoo imejaa inamwagika, na hakuna aliyenyoosha mkono kufunga koki. Nilikimbia nyumbani nikamkuta mjomba barazani, mikono kichwani.

“Mjomba, amekufaje?”

“Gari, mwanangu.”

Nikauliza gari lilifanya nini. Bibi akanikatiza: “Kazi ya Mungu haina makosa. Mwache mjomba wako.”

Bibi alisema kweli, nami ni mtu wa imani. Maneno yale huwashika watu msibani wasianguke. Lakini swali langu nalo lilikuwa halali, na hata baada ya arobaini hakuna mtu mzima aliyelirudia. Wakubwa walikuwa na sababu ya kulirudia, maana hawakuwa wageni wa msiba wa namna ile. Mwaka 1965 mji wetu wa Morogoro ulimpoteza mwanamuziki Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba, naye kwa ajali ya gari. Mji mmoja ulizika vipenzi wake wawili katika muda usiofika miaka 15, wote kwa ajali ya gari, na kila mara tukafuta machozi tukarudi kwenye dansi.

Tangu hapo kila rika la watoto limepewa habari yake ya ajali. Vijana wa Kenya waliokuwa shuleni Machi 2003 hawajasahau siku waliyoambiwa kwamba rapa E-Sir, mwana wa South C jijini Nairobi, amefariki akitoka Nakuru kwenye onyesho. Alikuwa na miaka 21. Machi 2011 kundi la Five Stars Modern Taarab lilipata ajali mkoani Morogoro, kwetu tena, watu 13 wakafa kwa mara moja. Novemba 2012 ikawa zamu ya Sharo Milionea, mchekeshaji ambaye watoto wa mtaani kwetu waliiga mwendo wake na maneno yake yote. Gari lake lilipata ajali Muheza, mkoani Tanga, akielekea kwao.

Asubuhi iliyofuata, kitinda mimba wangu alikataa chai. Akaniuliza lile lile: gari lilifanya nini? Maneno ya bibi yalinifika ulimini. Nikayazuia, nikaketi naye, nikamweleza mwendo ni nini, giza linamfichia nini dereva, na usingizi unavyomchukua mtu macho yakiwa wazi. Alilia, kisha akauliza kama kuna mtu anaweza kuwazuia wasanii wasisafiri usiku. Mtoto akielezwa chanzo, haraka sana huanza kutafuta dawa.

Kila ajali ina mambo yake, wala sizifungi zote kwa kamba moja. Ila kazi yenyewe naijua inavyokwenda. Watu wanaingia ukumbini saa nne usiku, na bendi isipopiga hadi majogoo mashabiki wananung’unika kuwa wameibiwa kiingilio. Vyombo vinafunguliwa na kupakiwa garini kukikaribia kucha. Malipo ya mwandaaji mara nyingi hayana fungu la malazi, na kesho kuna mji mwingine unasubiri. Basi watu waliosimama usiku kucha wanaingia garini, na anayeshika usukani ni mwenzao aliyekuwa akibeba spika. Mbele yao kuna lori bovu limeegeshwa bila taa, limewekewa matawi ya miti.

Serikali ilishakiri kwamba usiku barabarani una hatari ya peke yake. Kwa miaka mingi mabasi ya abiria ya masafa marefu yalizuiwa kusafiri usiku, hadi zuio hilo lilipoondolewa mwaka 2023. Anayesafiri kwa ajili ya kutuburudisha anastahili kufikiriwa kwa uzito uo huo.

Napendekeza mambo matatu. Baraza la Sanaa la Taifa, linalotoa vibali vya maonyesho, liweke masharti mawili kwa onyesho lolote la nje ya mji wa bendi: malazi ya usiku huo yawe yamelipiwa kabla kibali hakijatoka, na dereva awe mtu asiye na kazi nyingine, aliyelala wakati wenzake wako jukwaani. Waandaaji waingize gharama hiyo kwenye tiketi bila woga; shabiki anayempenda msanii ataongeza fedha kidogo ili amwone tena mwakani. Na sisi mashabiki tukubali dansi lianze mapema, liishe mapema.

Nanyi wazazi, siku mwanenu akija na habari kwamba yule anayempenda amekufa, msimdharau kwa kuwa hakuwa ndugu. Mwacheni alie. Msomeeni dua au salini naye, kwa imani yenu. Kisha mwambieni ukweli wa kilichotokea, wote, kwa maneno anayoyamudu. Mungu ndiye mwenye kuchukua roho, lakini ratiba ya safari tunaipanga sisi, gari tunalitengeneza sisi, na kibali tunakitia saini sisi. Hapo ndipo tunapodaiwa jibu, na watoto wana haki ya kutudai.